Safu ya Nne

Jumatano, chumba cha mwisho, nyuma ya famasia.
Nyevu alitoa daftari la miraba, lile la hesabu za darasa la tano,
akalipiga mistari kwa rula: Tukio. Wazo. Hisia.
Safu ya nne akaiacha bila jina.
"Utaipa mwenyewe," akasema.
Nikamchukia wiki nzima.

Mimi fundi cherehani, nashona sare za shule hapa Maweni.
Najua nguo iliyochanika na nguo iliyokatwa vibaya
haziponi kwa sindano moja.
Iliyochanika hutiwa kiraka.
Iliyokatwa vibaya, bega moja juu, kwapa linabana,
mtu huivaa tangu utotoni
akadhani ndiyo ngozi yake.
Mimi ninazo zote mbili. Daktari aliandika majina mawili kwenye faili,
la pili kwa herufi ndogo, kama mtu aombaye radhi.

Tukio: saa tatu unusu nilimwandikia Zuhura, "Uko?"
Tiki mbili za buluu. Kimya.
Wazo: amenichoka. Kama mama. Kama Bwanaheri. Kama wote.
Hisia: mia kwa mia. (Nyevu hupenda namba.)
Kufikia saa nne kasorobo nilishamtukana, nikafuta namba yake,
nikalala chini ya meza ya kukatia hadi magharibi.
Sare thelathini na mbili hazina vifungo.

Sasa Nyevu naye yuko likizo.
Aliniambia tangu mwezi jana, kwa tarehe,
na bado moyo: naye pia.
Nikaandika hivyo hivyo, naye pia,
nikayasoma maneno polepole
kama nitafutavyo mshono ulipoanzia,
ncha ya wembe chini ya uzi.

Safu ya nne, basi.
Simu ya Zuhura ilikuwa na mwanawe, anacheza gemu.
Jioni ile alibisha. Sikufungua.
Asubuhi viazi karai mlangoni, na ukwaju wake kwenye mfuko,
na sisimizi.
Nyevu: tarehe ya kurudi ameiandika kwa mkono wake, ukurasa wa nyuma.
Mama:
hapa sina kitu. Nimeacha wazi.

Hisia: sabini. Labda sabini na mbili.
Jina la safu, bado.
Nimetunga uzi, nikakosa tundu mara mbili.
Kifungo cha kwanza.