Alama Saba kwa Kumi

Si ile inayotaka uuze shamba la mikorosho,
wala si ile ya laki moja inayolilia mkanda wa suruali yako mwenyewe.
Hii ni ya katikati: laki nane na nusu,
nauli ya mzigo kutoka Dar mbali.
Ilishushwa stendi ya Nachingwea ndani ya gunia la dagaa,
inanuka.

Nimeifungulia daftari.

Uzito: kilo moja na nusu. Mwanzoni si kitu.
Saa ya pili, kiwiko kinaanza kudai haki zake.
Betri: alfajiri hadi adhuhuri, inazima bila kuaga.
Visikizi: vizuri mno. Humsikii hata mama mkwe
akiuliza hilo dude linanusa nini uwanjani kwake.

Udongo wetu mwekundu ndio ulionipa tabu.
Una chuma ndani yake, kama damu,
na mashine, mgeni, ikapiga kelele kila hatua,
mtoto aliyemwagiwa maji ya baridi,
mpaka nilipokizungusha kitufe pole pole,
nikaifundisha: huu ni udongo tu,
nyamaza.

Nikaipeleka ilikopita reli ya karanga.
Pau ziling'olewa kabla mama hajavunja ungo,
mataruma yakaishia kwenye mapaa ya watu,
ila misumari ilibaki, imelala,
minene kama vidole gumba.
Misumari kumi na tisa. Vizibo vya soda thelathini na kitu.
Kopo la samli. Bawaba isiyo na mlango.
Na senti kumi moja, ile yenye tundu katikati,
kijani kama kisamvu.
Niliipuliza tundu nikachungulia:
mbuzi wa Mzee Liwewa, na mawingu.

Jioni mji mzima unajua nimepata rupia za Mjerumani.
Chilumba kaja na koleo begani,
kaisalimia mashine kabla yangu.
Nikamwonesha misumari.
Akacheka, kama mtu anayeheshimu uongo mzuri.
Kulipokucha, mashimo saba kwenye tuta la reli,
yote wazi.
Nikayafukia mimi. Ukichimba, fukia;
mguu wa mbuzi haujui ulikuwa unatafuta nini.

Ilibaki kupima kina.
Nyuma ya nyumba nikafukia vitu vinne, nikachora ramani.
Shilingi mia mbili, shubiri moja: ikalia, sauti nyembamba.
Kufuli, shubiri moja na nusu: ikalia, sauti nene.
Kijiko: ikasitasita, shahidi aliyelipwa nusu.
Bangili ya fedha ya mke wangu, shubiri mbili:
kimya.
Nikapita kaskazini kusini. Kimya.
Mashariki magharibi. Kimya.
Nikaongeza nguvu mpaka ikalilia bati la choo cha jirani,
lakini pale nilipotia alama ya msalaba
ilikaa kama inanisikitikia.
Nikaandika kwa wino mwekundu:
*Fedha, kina kirefu: imeshindwa. Nne kwa kumi.*
Nikampigia Mchopa aliyeniuzia.
Tuliyoambiana siyarudii.

Usiku Somoe ananiwekea ming'oko na chai.
Mkono unapita mbele ya taa,
unametameta.

"Ulidhani umefukia gizani?" ananiuliza.
"Nilikuwa dirishani. Ulipokwenda kunawa, nikaichimbua.
Na shimo nikalifukia vizuri, kama unavyowafundisha watu."

Nikamenya ming'oko miwili bila kuitazama.
Mashine ilisema hakuna,
na kweli hapakuwa na kitu.
Ilirudia kuniambia, mchana kutwa, bila kuchoka,
na mimi niliyeinunua ili iniambie
nikashindana nayo.

Nimefuta nne. Nimeandika saba.
Ingepata nane,
ila harufu ya dagaa haijatoka.