Kura ya Jabez

Saa sita kasorobo usiku. Ukumbi wa Wragmere
unanuka chai iliyolala na makoti yaliyolowa.
Tuko watano mezani, kila mmoja na mpira wa kidole,
tunakunjua karatasi, tunazifunga hamsini hamsini.
Juu yetu, ndani ya fremu zinazobambuka dhahabu,
ukoo wa Haverscroft unatutazama tukihesabu.

Wa kwanza ni Ambrose, mwenye nywele za bandia,
aliyekuta hapa maji, na bata, na watu wa maji,
wavua mikunga, wakata matete.
Akachimba mifereji, maji yakashukia baharini,
na palipobaki pakavu akapaita pake.
Hati ilisomwa kanisani, kwa sauti,
mbele ya watu wasiojua kusoma.
Bata hawakuulizwa. Wala wao.

Mwanawe akapata kiti cha Bunge
kama mtu apatavyo pua ya babake.
Wapiga kura walikuwa kumi na saba:
kumi na wanne walikula mezani kwake,
watatu alikuwa akiwadai.
Mjukuu akasimama London saa tatu mfululizo
kutetea bei ya ngano isishuke;
ngano ilikuwa yake, njaa ya kila mtu mwingine.
Yule mwenye masharubu alipaa hadi Bunge la Mabwana,
akasinzia humo miaka thelathini. Wasema
alizungumza mara moja tu, kuomba dirisha lifungwe.

Jabez Mottram hana picha.
Ana mstari mmoja katika daftari la kodi:
Mottram, J., ekari sitini, ametolewa.
Siku hizo kura haikuwa karatasi. Ilikuwa koo.
Ulipanda jukwaa, ukataja jina, karani akaandika,
na msimamizi wa shamba lao, kando, na penseli yake,
naye akaandika.
Jabez akapanda. Akataja jina lisilo la Haverscroft.
Bibi alinisimulia kwamba alilitaja mara mbili
kwa kuwa karani alijitia kiziwi.
Siku ya Mtakatifu Mikaeli kitanda kilikuwa barabarani,
na saa ya ukutani, ingali inatembea,
na mkewe, mja mzito, ameketi juu ya gunia la mbegu.

Gunia lile nimelibeba mimi pia.
Nilifundwa kupita lango lao bila kugeuza shingo.
Mtoto wa nyoka ni nyoka, alisema baba,
hata walipouza msitu kulipa ushuru wa mauti,
hata paa la upande wa mashariki lilipoporomoka,
na Lionel, bwana wa mwisho, alipovuliwa kiti cha kurithi
akarudi kwa treni na boksi la kadibodi mapajani.

Sasa kuna Hester. Anaishi katika nyumba ya mtunza bustani,
anaendesha gari lenye mlango wa rangi nyingine.
Anagombea udiwani kwa jambo moja:
basi la Jumanne na Ijumaa, lile liendalo hospitali.
Alibisha kwangu mwezi wa Machi, anachuruzika maji,
na kabla hajagusia basi akasema,
"Nimesoma madaftari. Najua mlivyofanyiwa."
Hakuomba msamaha. Sijui ningeufanyia nini.
Nilimpa taulo.

Mirundo miwili inakaribia kulingana kimo.
Karatasi inayofuata naijua:
alama yake ina mkono mmoja mrefu,
kwa kuwa vidole vyangu vina baridi yabisi.
Naiweka panapostahili, kwenye rundo la Hester,
wala simtazami mwenye masharubu.

Jabez, wewe ulitaja mara mbili.
Mimi sijataja hata mara moja, si kwa mume wangu,
si kwa kaburi la baba. Nadhani
hilo ndilo shamba ulilotuachia.

Msimamizi anakohoa. Tofauti ni kura tatu.
Tuhesabu upya, anasema.
Navaa tena mpira wa kidole.