Mlio

Ilifia penye daraja la Enyau, saa tatu asubuhi,
trei arobaini za mayai nyuma, halikuvunjika hata moja.
Silinda ya tatu. Konrodi ilitoboa ubavu wa bloku
ikachungulia nje
kama mtoto asiyetaka kulala.

Tukaisukuma Carina, mimi na vijana watatu wa bodaboda,
hadi kwa Adriko, nyuma ya kituo cha mafuta,
ambako ardhi ni nyeusi na kuku huacha nyayo za oili.
Hakusema pole. Alipitisha kidole kwenye tundu,
akanusa, akakifuta kwenye suruali.
“Hii usiiombee. Chagua nyingine.”

Akaokota msumari, akachora mchangani.

Pacha wake, tano A.
Inakaa bila maneno, nati kwa nati,
na wewe utarudi palepale ulipokuwa:
mlima wa Ediofe kwa gia ya kwanza,
lori la mkaa likikupita na kukupigia honi.

“Tatu S!” akadakia shemeji Candia, ambaye hakuulizwa.
“Lita mbili, jamaa. Mbili nzima!”
Adriko akamtazama kama mtu anavyotazama mvua ya kiangazi.
“Maunti mpya. Giaboksi yake. Waya zake, kompyuta yake.
Utakuwa umenunua gari jingine
ukalivalisha koti la hili.”

Dizeli basi, mbili C? Wachuuzi wa samaki wa Panyimur wanaiapia,
hunywa kama ndege.
“Hunywa kama ndege, ndiyo. Lakini isahau maji siku moja,
hedi inapasuka. Na ule mtetemo, mzee,
mayai yako yatafika Koboko yamekwisha korogwa.”

Alichora ya mwisho, akakaa kimya kidogo juu yake.
Saba A. Moja nukta nane.
“Tumbo moja na yako,” akasema,
“ila hii ilinyonya miaka miwili.”

Usiku nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya chakula cha kuku.
Milioni mbili na laki tatu, bado gasketi, bado nauli ya basi.
Nikafuta. Nikaandika tena, ikatoka ileile.
Ayikoru aliniangalia, akauliza swali moja
ambalo wanaume watatu hatukuwa tumeliuliza:
“Ikikufia kati ya Maracha na Koboko saa nne usiku,
ipi itapata spea?”

Ikaja kwa basi la Kampala, imefungwa magunia,
na juu ya hedi kijikaratasi cha Kijapani.
Hakuna aliyeweza kukisoma, ila tarehe ilijulikana:
mtu fulani alibadili oili, akaandika ili asisahau.
Adriko alitaka kukibandua.
Nikamwambia kiache.

Siku mbili za mnyororo na mabomba matatu.
Namba ya zamani ikakatwa kwenye kadi.
Bloku ikapimwa kwenye mizani ya vyuma chakavu,
na aliyeinunua aliipiga teke kwanza, kuijaribu,
kama mtu anayechagua mbuzi.

Jioni nilipanda Ediofe kwa gia ya tatu.
Sina la kusema kuhusu hilo. Nilicheka peke yangu.

Lakini mama,
ambaye kwa miaka kumi na mmoja alifungua geti
ningali kwenye kona ya msikiti,
aliyenijua kwa kile kikohozi cha gia ya pili
na akaweka sufuria motoni kabla sijazima taa,
leo hakutoka.

Nikasimama mbele ya geti lililofungwa
na injini tulivu, tamu, ya watu wengine.
Ndani, ndala zikaburuzika, zikasita.
“Gari ya nani hiyo? Mbona hashuki?”

Sikupiga honi.
Nilikanyaga mafuta kidogo, mara mbili,
ili ajifunze.