Mengineyo

Alhamisi hakulalamika mtu.
Ijumaa vilevile. Jumamosi, nusu siku, kimya.
Bi Nyevu, meneja, akapita na kikombe chake cha tangawizi,
akautazama ubao wa malalamiko, sifuri ya kijani,
akasema, "Mwaona? Malindi imetulia."

Mimi sikujibu.
Malindi niijuayo mimi,
ya Maweni na mitungi ishirini mlangoni,
ya Muyeye ambako mfereji hukohoa upepo,
ya Barani ambako bili huifuata hata nyumba iliyobomolewa,
haitulii siku tatu.
Kimya kingi kina mshindo, na mshindo huu
umekwama mahali, na fundi ni mimi.

Nikashuka chumba cha seva,
zamani stoo ya koki na vipande vya bomba.
Kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo
(ofisi nzima ya maji, na maji ya uhakika ni hayo).

Nikaanza wanapoanzia wote: nikazima, nikawasha.
Sifuri.
Nywila je, imeisha muda? Bado.
Diski ina nafasi. Saa ya mashine imepishana na ya ukutani
dakika mbili tu, na mkosa ni ya ukutani.
Nikajitumia barua mwenyewe:
"Jaribio. Mimi Kupi. Ukinipata niitikie."
Ikaenda. Haikuitikiwa.

Basi nikafungua daftari la mashine,
lile inamoandika usiku na mchana bila msomaji,
nikakuta maneno yaleyale, kila dakika tano,
tangu Jumatano saa tatu na dakika kumi usiku:

nimeingia sandukuni. nimeshika barua ya kwanza.
nimeingia sandukuni. nimeshika barua ya kwanza.
nimeingia sandukuni. nimeshika barua ya kw

Hapo hufa.
Baada ya dakika tano hufufuka, haikumbuki kifo,
huinamia gunia lilelile,
hukatika kiuno palepale.
Mara mia saba na hamsini na kitu.
Niliionea huruma. Nimewahi kuwa na mwaka kama huo.

Na foleni ni foleni: wa mbele akinasa mlangoni
na godoro kichwani, wa nyuma hapiti
hata akiwa na bahasha tu.

Nikamtoa wa mbele, nikamweka kando.
Nikaiambia programu: mzigo ukikushinda
uache pembeni, sema umeuacha, endelea.
Ni mistari miwili. Miaka sita hakuna aliyeiandika,
na mmoja wa hao wasioiandika ni mimi.

Dakika tano nikazihesabu kwa matone ya ndoo.

Kisha zikaja. Mia tatu na kumi na mbili.
Bomba limepasuka nyuma ya msikiti.
Mita yangu yazunguka na mfereji umefungwa.
Hospitali tunaomba bauza, tunaomba tena, tunaomba.
NYINYI WEZI.
Na mwisho wa mkia, mpole: "Jaribio. Mimi Kupi."
Juu nikamsikia Bi Nyevu akitua kikombe.

Ndipo nikaifungua ile ya kwanza.
Imetoka kwa Sidi, Kwa Ndomo. Mwilini haina neno.
Kichwa chake: "AHSANTENI."
Na video, dakika nne, nzito kama jiwe la kusagia:
mfereji wa uani unakohoa, unatema kutu,
unakohoa, unanyamaza, nikadhani basi,
kisha maji, na mtoto anaingiza kichwa kizima,
na mwenye simu anacheka hadi picha inatikisika.

Shukrani moja, ya pekee mwaka mzima,
ndiyo iliyoziba koo la mji.

Mfumo unadai aina. Uvujaji. Bili. Mita. Ukatikaji.
Nikateremka hadi chini kabisa, nikabonyeza Mengineyo.
Papo hapo, kabla sijaizuia, ukamjibu Sidi wenyewe:
"Tumepokea malalamiko yako. Pole kwa usumbufu."

Kisha ukaniuliza: tatizo limetatuliwa?
Ndiyo. Hapana.
Nikaitazama tena ile video,
nikaiacha wazi.