Mwezi wa Sita, Chwele

Mwezi wa sita mahindi yote yako shambani,
yamesimama kijani, yamebeba vichanga mgongoni,
na hakuna hata moja lenye haja nami.
Kinu kimenyamaza.
Tangu asubuhi wameingia watatu:
mtoto wa Nakhumicha na gorogoro ya kununua sokoni,
mzee Wekhomba, kuuliza ni saa ngapi,
na kuku.

Jirani muuza simu ananiambia, funga, Nanjala,
kalale, utafungua mavuno yakija.
Mimi jina nililipewa mwaka wa njaa.
Njaa ni somo yangu, hainifukuzi kazini.

Tukafungua tumbo la kinu, mimi na Simiyu.
Nyundo ishirini na nne, zote zimelika upande mmoja
kama kisigino cha kiatu cha mwalimu.
Simiyu akaanza kuhesabu bei ya mpya.
Nikamwambia, zigeuze.
Upande wa pili haujaonja punje.
Akazigeuza moja moja, akizipima kiganjani,
nzito itazamane na nzito,
kinu kisije kikatetemeka kama mwenye homa.
Na chekeche, tulipoielekeza juani,
ilikuwa na tundu la kupitisha njugu.
Msimu mzima nilikuwa nikilaumu mahindi.

Kesho yake, kwa kukosa la kufanya,
niliazima jiwe la kilo tano kwa muuza sukari
nikaliweka juu ya mizani yangu.
Tano na robo.
Nikaliondoa, nikapangusa, nikalirudisha.
Tano na robo.

Nikaketi juu ya gunia tupu.
Robo katika kila tano, kwa miaka miwili,
wajane, watoto waliotumwa, mpishi wa shule.
Sikukusudia. Lakini unga haujui nia.
Haba na haba nimejaza kibaba
kisicho changu.

Kukaza skrubu kulichukua dakika moja.
Kutembea hadi kwa Mama Mukhwana, siku mbili.

Yeye hupita mlangoni kwangu na debe kichwani
akenda kwa Mayende, kule darajani, kilomita nzima.
Nilimkuta akipalilia. Nikashika jembe la pili.
Mstari wa tatu ndipo nikamuuliza.
Hakuinua uso. Akasema:
Unga wako unanuka dizeli.
Kijana wako anamwaga akichota, wala haokoti.
Na wimbi la uji wa mtoto unalisagia
palepale penye makapi ya ng'ombe.
Tukapalilia.
Na mizani? nikasema.
Akacheka, akanguta magugu udongo.
Hiyo mizani, mama, tuliijua zamani.

Basi fundi wa kuchomelea amerefusha bomba la moshi,
sasa linatoa kichwa nje ya paa kama twiga,
nitamlipa kwa awamu, ameandika ukutani kwake.
Jumanne asubuhi ni ya wimbi na mtama peke yake,
kinu kikiwa kimefagiliwa hadi kooni.
Simiyu ameshonewa kibwebwe cha turubai chini ya mdomo wa unga,
amenuna, lakini hamwagi.
Daftari la madeni nimelipitia usiku.
Pale palipoandikwa Mama Mukhwana, mia na themanini,
nilipiga mstari, kisha nikapiga mwingine
kwenye majina saba, nikasimama hapo.
Si kwamba nimekuwa mwema. Nilikuwa nikihesabu robo.

Mvua inapiga mabati. Hajaja mtu.
Mara moja kwa siku nakiwasha kitupu
nisikilize, sauti imekuwa nyororo,
kisha nazima, dizeli si maji.

Jioni mtoto wa Nakhumicha akarudi na gorogoro ileile.
Kilo mbili. Akanipa ishirini na moja, alivyozoea,
amezikunja ngumi.
Nikamrudishia shilingi.
Akaitazama, akanitazama,
akaondoka mbio na unga wake wa moto
kabla sijabadili nia.