Tabaka

Zege nimelimwaga miaka thelathini,
najua linavyodanganya: juu jiwe, ndani uji.
Lakini jeli?

Sechelela yuko chumbani, mguu kwenye plasta,
anagonga ukuta kwa mwiko wa ugali:
“Umepima maji?”
Nimepima. Hata rafu ya friji nimeilalia na pimamaji,
kiputo kimekaa katikati, kimetulia
kama mgeni aliyeshiba.

Kesho Nyemo anapata kipaimara.
Watu sitini, na mama yake aliahidi jeli ya tabaka tatu
kabla hajateleza kwenye ngazi za kanisa
(nilizozijenga mimi, hilo tusiliseme).

La kwanza, jekundu.
Zabibu za Mpunguzi, nimezipasua moja moja,
nimetoa mbegu kwa vidole vilivyozoea mwiko mwingine,
wa lipu.
Likaganda. Nikaligusa, likatetemeka, likasimama.

La pili, la maziwa.
“Yapoe kwanza! Ukimwaga ya moto utatoboa la chini!”
Mimi nifundishwe kumwaga?
Nikasubiri yapoe.

Saa tano usiku umeme ukakatika.
Friji ikashusha pumzi moja ndefu.
Nikatoa bakuli nje, kwenye ukingo wa dirisha:
Agosti, hapa Nkuhungu, upepo wa baridi hauombwi.
Nikakalia ndoo, blanketi mabegani,
nikilinda maziwa dhidi ya paka
kama nilivyolinda saruji ya watu.

“Na nanasi, umelichemsha?”
Kumbe hajalala.
Sikulichemsha.
“Nanasi bichi haligandi, baba Nyemo,
hata ulisubiri mpaka Krismasi.”
Nikawasha mkaa. Nikachemsha, nikapoza,
nikamwaga tabaka la tatu gizani,
kwa kusikiliza tu.

Alfajiri lilikuwa limeganda lote.
Ila kati ya jeupe na la manjano
palipita mstari wa kahawia, mwembamba, umenyooka
kuliko ukuta wowote niliowahi kuupandisha.
Vumbi. Upepo nao ulikuwa na tabaka lake.

Mchana wifi yake mkubwa, Mbeleje,
akainua kijiko kwenye mwanga,
akafumba jicho moja:
“Na hii ya kahawia?”

Sechelela, mguu juu ya kigoda,
hakunitazama.
“Mdalasini.”

Mbeleje akatafuna polepole,
kitu kikalia kidogo kwenye meno yake.
Akasogeza kibakuli, aongezewe.