Kanuni za Kuwinda Zimwi

Meza ni ya Nyambane. Guu moja ni fupi,
tumelitegemeza kwa daftari la kodi ya nyumba.
Pangani, ghorofa ya nne, Jumamosi baada ya mvua;
nguo za jirani wa juu zinadondosha maji kwenye roshani yetu,
na mimi, msimulizi, nina vitabu vitatu na zimwi moja.

Zimwi nalijua. Nimelibeba kichwani mwezi mzima
nikipanga nyaya dukani, barabara ya Luthuli.
Kijana mtanashati, suti ya kijivu, sauti ya asali,
na kisogoni, chini ya nywele, mdomo wa pili
ambao haujawahi kushiba.
Nisichojua ni tulikabili kwa kanuni zipi.

Kitabu cha kwanza ni kizito kama tofali.
Nyambane, mhasibu, alikipenda kabla hajakifungua.
Humo hata kucha za zimwi zina jedwali;
kiza kina alama, njaa ina alama,
ukiruka mtaro unatoa sita, unajumlisha mbili,
kisha unarusha dadu la pande ishirini
(tunalo moja tu, la pili lilitumbukia mtaro wa kweli
kando ya barabara ya Juja).
Tulijaribu. Zimwi likafa saa mbili baadaye,
likafa vizuri, kwa hesabu iliyofunga,
na hakuna aliyekumbuka lilikuwa na midomo mingapi.

Cha pili ni cha karata. Zuhura akazichanganya:
mwezi mwekundu, shoka, bibi harusi asiye na kivuli.
Ukipata shoka, unakata. Ukipata bibi harusi, unangoja.
Achola alipata shoka mara tano mfululizo,
akawa anakata huku akiongea na mamake kwenye simu
kuhusu mbegu za mahindi na fundi aliyekula pesa za paa.
Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Zimwi nalo likacheka,
na zimwi likishacheka nawe
hakuna tena cha kuwinda.

Cha tatu hata si kitabu. Karatasi kumi, pini yenye kutu,
nakala nilizotoa kwa shilingi hamsini.
Kanuni ni moja: panga halilipati.
Ukitaka kulijeruhi, liambie jambo la kweli
ambalo hujawahi kumwambia mtu.
Dadu litaamua tu
likujibu kwa mdomo wa mbele au wa nyuma.

Mutheu alikuwa kimya tangu chai.
Akasema, kwa sauti ya mhusika wake,
yule mwindaji mwenye jicho moja:
"Pesa za mchango, mazishi ya kaka.
Elfu kumi na mbili. Nilisema nimezikopa."
Akarusha. Dadu likazunguka ukingoni mwa sahani,
likasita, likalala.
Wa nyuma.

Hapo ni mimi niliyepaswa kusema.
Nilikuwa nimeandaa mstari wa kutisha, nimeufanyia mazoezi dukani.
Juu, jirani akaanua nguo. Nyambane akazima kikokotoo
taratibu, kama anayefunga mlango wa chumba
alimolala mtoto.
Zimwi likujualo halikuli likakwisha, walisema wahenga.
Hawakusema hubakisha nini.

Tukapiga kura. Wote watano tulichagua tofali,
hata Mutheu, hata mimi niliyechoka kulibeba.
Jedwali halikuulizi kitu. Ukikosea, unafuta.
Nyambane akachonga penseli nne, akafurahi peke yake.

Saa mbili usiku stima ikapotea, tukashuka kwa tochi ya simu,
Mutheu mbele, mimi nyuma nikimmulikia.
"Zile karatasi kumi," akasema bila kugeuka, "usizitupe."
"Ziko mkobani."
"Sawa. Jumamosi basi."
Akarekebisha kilemba pale kinapoishia, juu kidogo ya shingo.
Niliangalia ngazi.